Kifurushi Nyuma ya Dashibodi

Alhamisi, 20 Juni 2024

Gari limefika! Pijo 504 ya Mzee Tawakali wa Kivinje, aliyekuwa akiendesha teksi kati ya Kilwa na Lindi enzi zake. Limeletwa na mpwa wake, Likwata. Injini haina neno. Ndani ndiko balaa. Dashibodi imepasukapasuka kama jaruba la mpunga kiangazi, paneli za milango zimevimba kwa unyevu, dari linaning'inia mpaka linagusa kichwa. Mzee hataki mambo ya kisasa. Anataka lirudi lilivyokuwa — leza nyeusi, ile ngozi ya bandia ya viti, ubao wake wa mbele, kila kitu. Likwata anasema macho yamemwisha mjomba, anataka akilipapasa alijue.

Mimi tangu nihamie Nangurukuru nashona viti vya bodaboda na vya mabasi. Hii ndiyo kazi ya kunitoa. Nikatamba mbele ya watu wote pale kwa mama ntilie: mkononi mwa Mama Rosa haipotei hata skrubu! Domo langu hili.

Jumamosi, 22 Juni

Nimeishusha dashibodi. Skrubu kumi na tisa, zote ndani ya kopo la maziwa. Nyuma ya droo, pale bati linapokutana na ubao — kifurushi. Kitambaa cheusi cha kaniki, ukubwa wa kidole gumba, kimeshonwa pande zote na kugandishwa kwa nta.

Nimelelewa na masista huko milimani, lakini hofu hii ya uchawi hawakunitoa. Nikamwita Sipriani, jirani yangu anayechomelea mageti. Hakukigusa. Akasema hiyo ni hirizi ya dereva, za zamani zile zina wenyewe, usiifungue, usiirudishe, ichome na chumvi kabla jua halijageuka. Na mimi, mtu mzima, nikatii. Nikakitupa pamoja na sponji bovu na leza kuukuu, nikamwagia chumvi ya mawe, nikawasha kiberiti. Kilinuka nywele.

Nikarudi kazini nimefurahi kabisa. Najiona nimemwokoa mzee wa watu.

Jumanne, 25 Juni

Ubao wa dashibodi ni mninga! Msasa mara tatu, vanishi mara mbili, mistari yake yote imejitokeza. Paneli mbili za milango tayari. Nimeimba mchana kutwa.

Jumatano, 26 Juni

Mzee Tawakali amekuja mwenyewe, ameshikwa mkono na mkewe, Bi Mwanaima. Shikamoo, marahaba, poleni na njia. Akapapasa ubao. Maashallah, fundi! Kichwa kikanivimba. Halafu akainama, akaniuliza taratibu:

"Mama Rosa, na ile amana yangu ya nyuma ya droo, umeiona?"

Nikamuuliza amana gani. Najua amana gani!

Akanieleza. Walikuwa na mtoto wa kiume, wa kwanza, Pazi. Siku ya saba walimfanyia akika, wakamnyoa. Nywele zilipaswa kufukiwa, lakini Mzee akaomba akae nazo kidogo, maana yeye yuko barabarani wiki nzima na mtoto hamwoni. Zikashonewa kaniki, akazificha pale. Mtoto alipofika miezi mitano akashikwa na homa. Wakamkimbiza hospitali na gari hilihili, masika, barabara ile ya udongo. Wakakwama kwenye tope kabla ya Mingoyo. Akafia kiti cha nyuma. Mwaka themanini na moja.

"Miaka arobaini na tatu nasafiri naye," Mzee akasema. Bi Mwanaima alikuwa anatazama barabara.

Nilipaswa kusema palepale. Sentensi moja tu! Badala yake nikausikia mdomo wangu: "Ipo, Mzee. Nimeihifadhi nyumbani isishike vumbi." Akaniwekea mkono kichwani, akaniombea dua, ndefu, Mungu aniongezee uaminifu. Nimesimama naitikia amina. Amina! Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka, na bado sikusema.

Alhamisi, 27 Juni

Nimefukua majivu, nimeyapepeta kwa ungo. Misumari. Kibonge cha leza iliyoyeyuka. Basi. Sipriani akapita, akaniuliza kama natafuta dhahabu, akacheka. Yeye alisema tu. Kiberiti nilikiwasha mimi.

Jumamosi, 29 Juni

Sitaki kuliandika hili. Naliandika.

Jumatatu shule zinafunguliwa, kwa hiyo nimemnyoa Rosa. Rosa wangu, mmoja tu. Nywele zikaangukia kwenye kanga, nyepesi, nyeusi. Nikasema moyoni, za mtoto ni za mtoto, nani atajua? Nikachukua kishungi kidogo. Nikakata kaniki, nikashona, nikakichovya kwenye nta ya mshumaa, nikakisugua kwa mkaa na grisi ili kizeeke. Kazi safi. Ndiyo inayoniuma zaidi — niliifanya kwa makini.

Rosa akaniuliza, mama, unashona nini? Nikamwambia kishikio cha funguo cha mteja. Akasema kizuri, nishonee na mimi.

Jumapili, 30 Juni

Misani. Komunyo sikupokea. Wote wamenipita magotini kwenye benchi, nimekaa kama mgonjwa. Padre aliniangalia, au nimejidhania.

Jumatatu, 1 Julai

Kazi imekwisha. Siwezi kudanganya, ni nzuri. Dari limekaza, leza haina hata kunyanzi moja, droo inafunga kwa sauti yake ya zamani. Mzee akaketi mbele ya usukani, akapapasa kila kitu, akataja kila kitu kwa jina. Likwata akapiga picha.

Halafu akafungua kiganja. Nikamwekea.

Akakinusa! "Kimelainika," akasema. "Siku nyingi." Machozi yakamtoka bila sauti. Bi Mwanaima akakiomba, akakigeuza mara moja, akamrudishia.

Mzee akasema sasa gari limekamilika na yeye mwenyewe amechoka. Ijumaa baada ya swala atampelekea mwanawe nywele zake, azifukie pale kaburini, mtoto alale. Na Mama Rosa lazima awepo, maana ndiye aliyetunza amana. "Irudishe mahali pake mpaka Ijumaa. Wewe ndiye unayepajua."

Nikairudisha. Kwa mikono hii. Wakaondoka na gari kwenda Kivinje.

Kaburini! Nywele za Rosa. Za mtoto mzima wa afya, aliyekwenda shule leo na daftari jipya, zifukiwe na maiti!

Jumatano, 3 Julai

Rosa amekohoa mara mbili asubuhi. Mara moja mchana. Vumbi tu la barabarani, kila mtu anakohoa.

Bibi yangu kule Mitole alikuwa anafukia hata kucha zetu nyuma ya nyumba, asitokee mtu wa kuzipeleka makaburini, nasi tukazifuata. Tulikuwa tunamcheka. Ningekuwa naye leo asingenitazama.

Simu nimeishika mara nne nimpigie Likwata. Namwambia nini? Namhofia Rosa, ndiyo. Lakini nikijichunguza vizuri — hofu ya kwanza ni Mzee asijue kwamba mimi ni mwongo. Ya Rosa ni ya pili. Mama gani mimi?

Ijumaa, 5 Julai

Naandika nikiwa kiti cha nyuma cha Pijo. Leza bado inanuka gundi. Tumesimama nje ya makaburi, Kivinje. Wanaume wametangulia kulitafuta kaburi, majani yamekuwa mengi. Sisi wanawake tumebaki garini, maana huku wanawake hatuingii makaburini. Kabla hajashuka Mzee aliniambia niitoe amana, niishike, atarudi aipokee kwa mkono wake mwenyewe. Nimeitoa. Iko hapa mapajani, juu ya daftari.

Asubuhi Rosa hakukohoa. Nikasema Mungu akinivusha leo nitakuja kutubu kila kitu. Akinivusha! Yaani bado natafuta njia ya kupita.

Bi Mwanaima amekaa mbele. Ameniuliza, bila kugeuka, naandika nini. Nikasema vipimo. Halafu:

"Kile nilikishona mimi, Mama Rosa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sijui kushona, nilipitisha uzi tu kama mtu anayefunga gunia. Hiki kimeshonwa na fundi."

Nikautazama mshono wangu pale mapajani, umenyooka.

Akasema hajamwambia mumewe. Jumatatu alitaka kusema, akamwona analia, akashindwa. Tangu siku hiyo wanakula sahani moja na anashindwa kumtazama, ilhali mwenzake hata haoni. Akaniuliza, kile changu kiko wapi? Nikamwambia nimekichoma. Nilidhani uchawi.

"Na hizi nywele za nani?"

"Za Rosa."

Hapo ndipo alipogeuka. Alinitazama usoni. Hasira ningeiweza, lakini haikuwepo. Alinitazama kama mama anavyomtazama mama.

"Wangu nilimpoteza kwenye kiti hichohicho ulichokalia," akasema. "Wako umemleta mwenyewe."

Naandika haraka, mwandiko huu hata mimi sitausoma.

Likwata amepiga kelele kwamba wamelipata kaburi. Mzee anarudi, ameshikwa mkono, kiganja kingine ameshakifungua, anakuja nacho hivyohivyo mbele yake. Bi Mwanaima ameshuka, amenifungulia mlango. Kasema yeye hatasema. Niseme mimi, na niseme kabla hajakishika kifurushi.

Hatua kama ishirini. Anatabasamu.