Jibu Kuhusu Tumbaku ya Baba

Kwako Kaka mpendwa,

Pokea salamu zetu, wewe na Shemeji na watoto wote, hata yule anayejifanya hasomi barua za wazee. Natumaini kifua kinakupa nafasi ya kulala. Sisi huku hatujambo. Mama watoto ana mguu wake wa siku zote, mimi nina tumbo langu la siku zote, na kila mmoja anaona mwenzake ndiye mgonjwa.

Kopo lako limefika salama. Karani wa posta alilitikisa, akanitazama, akaniuliza kama ni dawa ya mifugo. Nikamwambia ni tumbaku ya kiko, kaka yangu kaichanganya kwa mikono yake mwenyewe. Akasema pole. Maagizo uliyoyabandika kwenye kifuniko nimeyasoma: ninuse kwanza ikiwa baridi, kisha niiwashe, kisha nikujibu kwa neno moja, ni ile ya Baba au siyo, na nisikuvishe kilemba cha ukoka. Nimeliona pia lile uliloongeza chini kwa kalamu nyekundu, kwamba nikisema ndiyo utavigawa viko vyako siku hiyohiyo na kumtii daktari, na nikisema siyo utaendelea kuchanganya na kuvuta mpaka uipate.

Habari za hicho tunachokitafuta nazikumbuka vizuri. Baba hakuwasha kiko akiwa kazini, kwa kuwa jivu likiingia kwenye saa ya mtu hiyo ni kesi. Mchana kutwa alikiuma kikavu, kioo cha kukuzia kimebanwa kwenye jicho, akakiwasha pale tu alipofunga mlango wa duka lake la kutengeneza saa. Kwa hiyo harufu ilifika nyumbani kabla yake, nasi tukapata muda wa kuficha makosa yetu. Alipofariki, kopo lake lilikuwa tupu, na mzee aliyemchanganyia alikuwa ametangulia. Tangu hapo umejaribu jani jeusi, jani jekundu, ganda la chungwa, zabibu kavu, mdalasini. Kuna mwaka ulitia asali, ukakiziba kiko kizuri kabisa kilichochongwa kwa mzizi wa mti, na Shemeji akatoka mbio jikoni akidhani ameunguza keki ambayo hakuwa ameioka.

Usimkasirikie, lakini alinipigia simu kabla kopo halijafika. Aliongea kwa sauti ya chini, nadhani alikuwa bafuni, maana nilisikia maji. Alisema unakohoa mpaka jirani mnayepakana naye ukuta amehamisha kitanda. Akaniomba niseme ndiyo, hata kama mle ndani umenitumia majani ya chai. Nikamwambia wewe si mtoto, utajua tu. Akanijibu kwamba mwanamume akiambiwa anachotaka kusikia hajui lolote, na kwamba ushahidi anao wa miaka mingi. Nilicheka. Baadaye kidogo nikagundua kuwa nilikuwa nacheka peke yangu.

Basi nikaandika ndiyo. Mistari miwili tu, nikaitia kwenye bahasha. Kabla ya kuipeleka posta nikaona heri nipate watu wa kuniunga mkono, nikalibeba kopo hadi kwa wenzangu wa Jumamosi. Unawajua kwa habari: kinyozi na daktari wa meno. Tunakutana chumba cha nyuma cha kinyozi, tunasafisha viko, tunabadilishana, tunawasengenya wasiokuwepo. Kinyozi alinusa, akasema hii inanukia kama koti la mtu mwenye adabu zake. Daktari wa meno akamwambia anyamaze, yeye anajua harufu ya nywele zilizolowa tu, hii ni zabibu iliyozeeka, tena inataka kidogo jani lililokaushwa kwa moshi. Wakabishana mpaka mteja mwenye nusu ndevu akachungulia mlangoni akaomba amaliziwe.

Ndipo wakanigeukia mimi. Hawa huniita Bwana Pua, na hawaanzi kuvuta kitu kipya mpaka nimekihukumu. Nikafumba macho kama kawaida yangu, nikavuta pumzi ndefu, nikasema kuna utamu wa mbali, halafu ukali unaokuja nyuma yake taratibu. Nilipofumbua macho, nikaona daktari wa meno amenishikia puani kopo la poda, ile kinyozi anayowapaka wateja shingoni. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Walidhani nimegundua mapema na mimi ndiye niliyekuwa nawatania. Nikacheka nao, nikaaga, na njiani nikaichana ile barua.

Kaka, sina pua. Ile homa ya mwaka juzi ilipotoka mwilini ilitoka nayo. Sinusi tumbaku, sinusi vitunguu, na siku moja nilikaa kando ya sufuria inayoungua nikamaliza gazeti. Anayejua ni Mama watoto peke yake. Yuleyule aliyekuwa akinifukuza barazani kwa upawa kwa sababu ya moshi, siku hizi ndiye anayeninusia maziwa kabla sijanywa. Nilimpa na kopo lako. Alinusa, akafikiri, akasema ni tumbaku. Kwake hukumu ndiyo hiyo.

Tangu homa ile sijawasha kiko. Kuvuta bila harufu ni sawa na kunyonya bomba la jiko. Kununua bado nanunua; juzi nimepata kimoja chenye shingo iliyopinda vizuri, nimekipaka nta, kinang'aa. Nashika, nageuza, narudisha kabatini. Si haba.

Kwa hiyo hilo neno moja ulilolitaka mimi sina. Nimejaribu kuitafuta harufu ya Baba kichwani, na huko nako haipo. Ninachokumbuka ni kwamba ilikuwepo. Tulioijua tulikuwa mimi, wewe na Mama, na Mama hayupo. Umebaki wewe. Kila kopo ukilinusa unasema hili siyo, na huwezi kusema hivyo bila kuwa na yenyewe ndani yako, kamili. Basi sikuombi uache kiko kwa sababu umeipata. Acha kwa sababu mimi nimeipoteza, na siku nikitaka kujua Baba alinukiaje, sina mtu mwingine wa kumwuliza.

Kopo nalirudisha pamoja na barua hii. Mpe Shemeji salamu zangu, mwambie nilijaribu kudanganya nikashindwa kwa sababu za kiafya. Mama watoto anawasalimu na anauliza mnakuja lini. Chumba cha wageni tumekipaka rangi upya. Anasema bado kinanuka. Mimi ningelala humo leo.

Nakutakia usiku usio na kikohozi,

Ni mimi mdogo wako.