Macho Makavu Msibani kwa Mama

Nangara, Babati
3 Machi 2024

Mdogo wangu Sadock,

Hamjambo huko Singida? Wifi Hellen na watoto wazima? Sisi tupo, mbaazi zimestawi, ila macho yananitesa. Mwanga wa simu unanichoma, ndiyo maana nakuandikia karatasi na kumpa kondakta wa basi.

Tangu tumzike mama kule Mutuka, shangazi Leonia anatangaza kwamba mimi, binti wa kwanza, sikudondosha hata chozi. Akina mama wa kanisani wameacha kuja kwangu. Nililia, Sadock. Sauti ilitoka, machozi hayakutoka.

Aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka hospitali. Daktari alinipachika kikaratasi kwenye kope la chini, baada ya dakika tano kikatoka kikavu. Anasema kinga ya mwili wangu imenigeuka, inashambulia tezi za machozi na za mate. Kumbe ndiyo maana ugali haushuki bila maji. Kati ya wagonjwa kumi, tisa ni wanawake.

Nikakumbuka kwamba wewe pia hukutoa chozi siku ile. Wewe walikusifu. Kapime.

Dada yako,
Romana

Singida
20 Machi 2024

Shikamoo dada,

Pole sana. Sisi tunasukuma siku. Macho yanawasha, sikatai, lakini mimi ni fundi wa kuchomelea; fundi gani hana mchanga machoni? Naweka vipande vya kiazi, yanatulia.

Wewe mwenyewe umesema tisa ni wanawake. Wenzangu wa karakana wakisikia nina ugonjwa wa akina mama, nitahama mji. Msibani nilijikaza tu. Nakutania, usinune.

Mdogo wako,
Sadock

Nangara, Babati
8 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Natumaini mko salama. Sijanuna, ila hesabu yako ni fupi: tisa na mmoja ndiyo kumi.

Nilimuuliza daktari kuhusu huyo mmoja. Anasema wanaume humfikia wamechelewa, kwa sababu kila mtu analaumu kazi zao, na wao wenyewe wakiwemo. Wengine jicho limeshapata kidonda.

Nijibu jambo moja bila utani. Siku ile ulijikaza, au machozi yalikataa?

Dada yako,
Romana

Nangara, Babati
17 Juni 2024

Sadock,

Hamjambo? Miezi miwili sasa, hata simu hupokei. Kondakta anasema barua aliiweka mkononi mwako. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama ameshaondoka, nimebaki na wewe tu, na ninaogopa.

Dada yako,
Romana

Singida
28 Julai 2024

Shikamoo dada,

Mwandiko ni wa Hellen, maneno ni yangu. Jicho la kushoto limefungwa bandeji.

Yalikataa, dada. Nilisimama kaburini nikiyasubiri, wazee wakanishika bega wakasema huyu ndiye mwanaume. Nikaipenda ile sifa. Barua yako ya kwanza ilipofika nilijua tunaumwa kitu kimoja, nikanyamaza, nikakuacha upigwe maneno peke yako. Hilo linaniuma kuliko jicho.

Hellen ndiye aliyenishika mkono. Kwenye benchi la kliniki walikuwa akina mama watupu, mmoja akaniuliza nimemsindikiza nani. Nikamwambia nimejileta mwenyewe. Kikaratasi kilitoka kikavu. La kulia litapona kwa dawa. La kushoto lina kidonda, daktari anasema halitaona tena sawasawa.

Jana nilimpigia shangazi Leonia. Nilimwambia, "Mimi na Romana ugonjwa wetu ni mmoja. Kama yeye hakumpenda mama, basi na mimi sikumpenda." Kisha akaniuliza iwapo unashinda nyumbani Jumapili. Atakuja na wale akina mama.

Ukiwafungia mlango, ni haki yako. Ila mimi naomba uwafungulie.

Nisamehe.

Mdogo wako,
Sadock