Mkebe wa Mnanaha

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini siwezi kukuandikia bila kukuamkia. Ungeuliza nimelelewa na nani. Nakuandikia kwa herufi kubwa kama zile za ubaoni kwenye kisomo cha watu wazima, maana za kubanana hukuzipenda. Ulisema zinakimbizana kama siafu.

Temeke hatujambo. Foleni ya sukari kwenye duka la ushirika imerefuka, na jirani yako Bi Mwajuma bado anaweka kikapu kimshikie nafasi kisha anarudi kulala. Anakusalimu. Nyumba ni ileile, ila asubuhi hakuna wa kuniambia kofia yangu ya unesi imekaa upande. Nimekukumbuka mno, mama. Kuna siku natoka kazini nikiwa na la kukusimulia, nafika hadi mlangoni ndipo nakumbuka hupo.

Leo lakini nina neno zito. Linahusu ule mkebe wako.

Mikono yako ilianza kutetemeka, wa kulia kwanza, ukajidai ni baridi. Baridi, Dar es Salaam, mwezi wa kwanza! Ukafuata wa kushoto. Ukawa unacheka: "Kanga yangu siku hizi inakunywa chai kuliko mie." Lakini nilikuona ukiushika ukindu, ukijaribu kusuka mkeka wa harusi yangu. Ukili unakwenda upande, unaufumua, unaanza tena. Siku moja hukuufumua. Uliuweka chini, ukaniambia, "Zuhura, we si nesi? Basi nirudishie mikono yangu."

Nikakupeleka hospitali. Daktari alikupima, akasema ipo dawa ya kutuliza mtetemeko. Akauliza, "Mama anatumia dawa nyingine yoyote? Hata za kienyeji?" Ulikuwa umekaa pembeni yangu na mdomo umeshaufungua. Nikajibu kabla yako: "Hapana, daktari. Mimi mwenyewe ni nesi." Ukaufunga mdomo. Tangu wiki iliyopita nauona mdomo ule ukijifunga, kila nikilala na kila nikiamka.

Mikono ikatulia kweli. Ulisuka kili mbili nyororo, ukazipeleka kwa Bi Mwajuma kujishaua. Nikajiona nimesoma kweli! Halafu ukaanza kupotea. Ulitia chumvi kwenye chai. Ukaniuliza kama baba amesharudi kutoka bandarini, na baba tulimzika kabla ya uhuru. Kinywa kikakukauka, mboni zikapanuka, ukawa unaokota hewani ukindu ambao haukuwapo. Majirani walisema ni uzee, wengine wakasema mashetani. Mie niliyesoma nilisema ugonjwa umepanda kichwani, nikazidi kukupa vidonge kwa saa zake. Ukaacha kuniita Zuhura. Ukaniita nesi, tena kwa adabu, kama tumekutana wodini: "Nesi, samahani, ukimwona mwanangu Zuhura, mwambie aje achukue mkeka wake."

Nilikwambia, "Mama, ni mimi." Ukanitazama kwa huruma, ukasema, "Ahsante, nesi." Masika yale kifua kikakubana, ukaondoka bila kuniita jina langu.

Baada ya arobaini nikakuta chini ya kitanda chako mkebe wa maziwa ya unga, umejaa majani makavu ya mnanaha, ule mmea wa porini wenye maua kama tarumbeta. Bi Mwajuma akakiri kwamba alikuwa anakuchumia kwa ajili ya pumu, nawe unayachoma na kuvuta moshi wake nikiwa kazini. Nilimfokea, mtu mzima yule. Sikukumbuka kwamba niliwahi kusimama mlangoni na magwanda yangu meupe nikasema majani ya porini hayana nafasi katika nyumba ya nesi. Uliniitikia, mama. Ila kifua chako kilihitaji kupumua, kwa hiyo ukaficha.

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye mafunzo. Mwalimu alieleza kwamba ubongo una vipokezi, vidogo kiasi kwamba hata kwenye hadubini yetu huvioni. Ujumbe hufika hapo ukapiga hodi, kipokezi kikiitikia ndipo mtu anatambua sura, anakumbuka, anaita jina. Zipo dawa zinazokuja kukaa kizingitini. Hodi inapigwa lakini hakuna pa kupita. Akaitaja dawa yako ya mikono. Kisha, hata hajameza mate, akautaja mnanaha. Vyote viwili vinaziba mlango mmoja, alisema, na mtu mzima akivitumia pamoja huchanganyikiwa hata asimjue mwanawe. Niliyaandika yote daftarini. Wenzangu wakatoka kwenda kunywa chai, mie nikabaki kwenye kiti.

Nilimfuata baadaye nikamuuliza kama watu waliomo kichwani mwa mgonjwa kama huyo huwa wamefutika. Akasema hawezi kuapa, maana ugonjwa wenyewe nao hula kumbukumbu, ila mara nyingi dawa zikiondolewa mtu hurudi.

Hurudi, mama. Ningeziondoa siku ileile. Ungetetemeka, ungemwaga chai kwenye kanga zote za Temeke, na ungeniita Zuhura.

Nisamehe. Vidonge nilivitoa kwa mapenzi, hivyo sivililii. Nalia kwa sababu uliulizwa wewe, nikajibu mimi.

Jana nilizitandaza kili za ule mkeka, bado hazijashonwa. Kili za mwanzo zimenyooka na nakshi zake, zikafuata zilizoyumba, kisha zile mbili ulizojishaulia. Tatu za mwisho zimebana vizuri, mkono imara kabisa, ila nakshi imepotea, nyekundu imeingia pasipo pake. Bi Mwajuma, ambaye nimekwisha kumwangukia, alisema tuzifumue tuzisuke upya. Nimekataa. Nimenunua shazia, na jioni ananifundisha kuzishona zote kama zilivyo. Sindano yenyewe inanichoma vidole, ungekuwepo ungenicheka. Harusi ni baada ya Idi, na nitaukalia hivyo hivyo.

Nakuahidi jambo moja. Mgonjwa akikaa mbele yangu nitamuuliza yeye, sitamuuliza aliyemleta, na akitaja majani nitauliza ni majani gani kwa sauti ileile ninayoulizia vidonge. Leo bibi mmoja wa Mtoni alinifungulia pindo la kanga, akanionyesha mizizi huku ananitazama usoni kwa woga. Nikamwambia, "Ahsante, bibi. Hii inaitwaje?" Akanisogezea kiti.

Lala salama, mama. Yule nesi uliyemtuma amenifikishia salamu zako. Amechelewa sana, lakini amezifikisha. Nimekuja kuchukua mkeka wangu.

Mwanao,
Zuhura