Vidonge vya Rangi Mbili Nilivyovikataa

Ruiru, Jumanne, Julai 1998. Baridi kali, ukungu umegoma kuondoka.

Swali hili nimeshindana nalo tangu chuo kikuu: je, anayejua jinsi mwili unavyojilinda ana haki ya kuuacha ufanye kazi yake, huku watu wakimwona hafanyi lolote?

Wiki hii swali limetoka vitabuni likalala kitandani mwangu. Binti yangu Wambui ana mafua makali: homa, kikohozi kikavu, viungo kuuma. Kule Thika ninakofundisha biolojia, madawati mengi ni matupu kwa ugonjwa huohuo.

Jana mama mkwe alifika na karatasi iliyokunjwa. Ndani yake mlikuwa na vidonge vya rangi mbili, vile ambavyo mtaa mzima hununua dukani na kumeza kwa kila chafya. Binti wa kwanza kwetu hupewa jina la nyanya yake mzaa baba, kwa hivyo yeye pia ni Wambui, na humhesabu mjukuu kuwa ni yeye mwenyewe.

"Huyo unanyima dawa ni mimi," alisema. "Unataka nikufe nikiwa darasa la pili?"

"Mama, hiyo dawa huua bakteria. Hivi ni virusi."

"Na nani anaviua? Wewe umekalia kiti."

Nikamweleza. Seli za njia ya hewa zina ute unaonasa virusi, na vinyweleo vinavyoufagia kuelekea kooni. Kirusi kikipenya, seli iliyovamiwa huwapelekea jirani zake ujumbe wa kemikali, nao hujiandaa kabla hakijawafikia. Seli yaweza hata kusimamisha uzalishaji wake wote ili kirusi kisipate mashine za kujizidishia. Nyingine hujiua, na kukikatiza kirusi kazi yake.

Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo.

"Kumbe ni mgomo," akasema. "Lakini mwalimu, kuna mgomo hushindwa."

Hata hivyo nilivikataa vidonge.

Alinuna, akachemsha majani ya mkaratusi, akamkalisha mjukuu karibu na mvuke. Hilo sikulipinga. Mimi nilimpa maji na kumtazama kifua kikipanda na kushuka, nikijiuliza kama huu ulikuwa ujuzi au kiburi cha shahada.

Leo homa imeshuka. Wambui ameomba chai.

"Ni ule mvuke," nyanya yake akatangaza. Ikiwa ni mvuke, ikiwa ni seli, siwezi kumthibitishia. Mtoto ni mmoja, na hakuna mwingine wa kumlinganisha naye.

Watu wakija kesho na vidonge vingine kwa mafua mengine, nitakataa tena, hata mtaa mzima uniite mama asiye na huruma.

Nisichokijua ni hiki: mgomo ukishindwa, bakteria wakaingia katika njia iliyokwisha kuharibiwa, nitautambua wakati huo mapema? Kifua hakina dirisha. Siku hiyo dawa ileile ninayoikataa huenda ndiyo itakayohitajika.

Mama mkwe ameondoka bila kuvichukua vidonge vyake. Viko juu ya kabati. Sijavitupa.