Gurudumu Halikuchomoka

Changamwe, Jumapili, Mei 1996. Mvua imekatika tangu alfajiri na jua limetoka, lakini mimi bado natetemeka. Asubuhi mume wangu alidhani ni malaria.

Si malaria.

Jana jioni tulialikwa kwa jirani kutazama mkanda wa video, filamu ya maisha ya Bakari, bingwa wetu wa mbio za magari, aliyekufa miaka kumi na miwili iliyopita. Mume wangu anamhusudu mno. Tukamwona Bakari akicheka, akibebwa mabegani, akiwafunza udereva vijana wa Likoni ambao leo wanaendesha malori ya bandarini. Kisha ikaja barabara ya vumbi, huko Kinango.

Niliijua kabla hawajaitaja.

Msomaji ramani wake, aliyenusurika, alisema alikuwa ameinamia karatasi zake, hakuona kitu. Msimuliaji akaeleza kuwa gurudumu la mbele lilichomoka kwa sababu nati hazikukazwa. Wakaonyesha mlango uliofungwa wa Fundi Athumani, aliyelitengeneza gari lile, pale Shika Adabu, Likoni. Alikataa kuhojiwa.

"Huyo ndiye aliyemuua," mume wangu akasema.

Nikanyamaza. Nimenyamaza tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu.

Siku ile nilikuwa kwa bibi, nachunga mbuzi. Mmoja alikimbilia barabarani, nami nikamfuata. Gari likatokea konani. Miguu ikakataa kusogea. Nilimwona Bakari usoni, naye akaniona. Akakata usukani, gari likaacha njia, likagonga ukingo wa karavati. Mpaka pale, magurudumu yote manne yalikuwa mahali pake. Nikakimbilia vichakani. Watu walipofika, mimi nilikuwa mbali na mbuzi wangu.

Leo asubuhi nilimwambia mume wangu naenda kumjulia hali shangazi, nikavuka feri. Mlangoni kwa Fundi Athumani nusura nirudi. Siku hizi anatengeneza baiskeli, maana hakuna tena anayemwamini na gari lake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Baiskeli iko wapi?"

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, macho chini. Spana ilikuwa mkononi mwake, na nilidhani atanipiga nayo. Aliuliza jambo moja tu.

"Alipokata usukani, gurudumu lilikuwapo?"

"Lilikuwapo, wallahi. Lilivunjikia kwenye karavati."

"Basi gari lilimtii," akasema kwa sauti ndogo.

Akamwita mkewe. "Mama Saumu! Njoo usikie!" Ikanibidi kurudia tena mwanzo hadi mwisho. Yule mama alikaa sakafuni akalia, leso imemfunika uso. Fundi hakulia.

"Miaka kumi na miwili nazikaza nati zile usingizini," akasema. "Na wewe ulikuwa wapi?"



Akasema kesho twende mimi na yeye kwa mjane wa Bakari, kabla ya kwenda kwa watu wa filamu. Nikasema inshallah.

"Hiyo inshallah yako ni ya kukimbia," akasema. "Niambie ndiyo."

Nikasema ndiyo.

Niliporudi nilimweleza mume wangu kabla sijavua buibui, nikijua nikikaa tu nitaghairi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akatoka nje, na amesimama uani mpaka hivi ninavyoandika. Namwona dirishani. Sijui ananionea huruma au anatafuta la kunifanya.

Lakini anayenitisha zaidi ni yule mjane wa kesho. Kwenye filamu alisema kila mwaka hujiuliza mumewe aliwaza nini dakika ile ya mwisho.

Mimi ninajua. Aliniwaza mimi.

Mtu humwambiaje mjane jambo kama hilo, kisha akamtazama usoni?