Nyundo ya Mkwaju Iliyolika Pande Mbili

Katoro, Geita

Mama yangu, shikamoo. Miguu inaendeleaje? Na wale mbuzi waliokuwa wakikohoa, wamepona? Mimi mwili ni mzima. Barua hii nimempa dereva amkabidhi baba mdogo, naye ndiye atakusomea. Sikupiga kwa sababu simu ya nyumbani anaishika wifi Mbuke, na haya siwezi kumwambia mke wa kaka yangu akiwa peke yake jikoni.

Ulinituma nimtafute kaka Masanja, nikuletee neno moja tu, yupo au hayupo, ili ujue kama uendelee kumngoja au uweke matanga. Nimeuliza mpaka watu wakiniona wanageuza uso. Kila shimo la wachimbaji ninakopeleka wali nauliza, "Mnamjua Masanja wa Samuye?" Akina Masanja wako tele huku. Wananijia wakicheka, na hakuna aliye wetu.

Juzi fundi mmoja alikuja kuezeka kibanda cha jirani yangu. Yeye anakata bati, mimi naosha masufuria. Nikauona mkasi wake, mpini mmoja umeviringishwa mpira wa baiskeli kama ule wa nyumbani. Nikajisemea, Kabula, mikasi ya bati iko mingi, usijitie wazimu. Lakini mimi nimekua nikishikilia bati likatwe, kwanza na baba, halafu na Masanja. Nikaomba kuiona nyundo ya mti. Ni ya mkwaju. Upande mmoja umelika kwa mkono wa kulia wa marehemu baba, upande wa pili kwa mkono wa kushoto wa Masanja.

Fundi akatoa na kipande cha chuma chenye mfuo.

"Na hiki, dada? Mimi nakizuilia mlango usipigwe na upepo."

"Ni cha kukunjia ukingo wa bati. Umekitoa wapi?"

Akashuka kwenye ngazi. "Ni vya Mashoto. Aliniachia siku anaingia shimoni, akasema akipanda atavichukua."

Mashoto! Mama, huku mchimbaji jina la nyumbani analiacha njiani. Wenzake wanampa lao, na hilo ndilo linalojulikana. Mimi muda wote nilikuwa nikitaja jina ulilompa wewe.

Shimo lao lilititia wakati wa mvua, naye akiwa ndani. Wenzao walifukua, udongo ukaanza kushuka tena, wakaacha. Fundi alinipeleka. Pamebonyea tu, pameota majani. Ni pale pale ninapopita kila siku na sinia la wali kichwani nikiwauliza watu. Nilikasirika, mama, nikautukana ule udongo kama mtu.

Hayupo. Weka matanga.

Fundi amenirudishia vyombo vyote na mfuko wake bila maneno. Mwili hatutaupata, kwa hiyo wazee wa ukoo waamue tutazika nini. Nakuja mara nikipata wa kunishikia jiko.

Baba mdogo, pole kwa kazi niliyokupa ya kusoma haya. Shangazi msalimie, mwambie alale hapo kwa mama. Watoto wa Masanja waacheni wacheze kwanza.

Wifi Mbuke msimwambie kitu kabla sijafika. Akiniona nashuka na mfuko wa vyombo atajua, maana ndiye aliyeushona.

Ni mimi binti yako,
Kabula