Farasi Wawili wa Shangazi Koku

Shangazi, shikamoo.

"Kompyuta imeshaumaliza mchezo wa sataranji, kuufundisha ni kupoteza muda wa watoto." Kayasema hayo Mutalemwa, mwenyekiti wa kamati ya shule yetu hapa Ihanda, na udongo wa kaburi lako haujakauka. Chumba ulichofundishia anataka kiwe stoo ya mahindi. Wajumbe wakapiga makofi. Ijumaa wanapitisha.

Uongo! Kompyuta imemaliza mwisho tu, pale kete zinapobaki saba au pungufu. Sisi tunaanza na thelathini na mbili.

Lakini hicho kidogo ilichomaliza, Shangazi, kimenishangaza hata mimi unayenijua. Haikubahatisha. Ilianzia mwishoni, kwenye kifo cha mfalme: ikachukua kila mkao ambamo mfalme keshafungwa, ikauliza umetokea wapi, ikarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka katika matrilioni ya mikao haukubaki hata mmoja usio na hukumu. Kushinda, kushindwa, au sare.

Unaukumbuka ule mchezo uani kwako Nyakakika, kahawa imeanikwa, unacheza huku unafukuza kuku? Ulibaki na mfalme na farasi wawili. Mimi mfalme na askari mmoja, naringa naye.

"Usimshangilie huyo, we mtoto," ukaniambia. "Ndiye atakayekuua."

Ukahangaika mpaka kahawa ikaanuliwa. "Basi, sare. Lakini ushindi upo. Siuoni tu." Nilicheka!

Mkao ule haujanitoka kichwani. Jana niliupanga kwenye simu, nikasoma hukumu ya kompyuta. Farasi wanashinda. Nikamwondoa askari wangu: sare. Nikamrudisha: nimekufa. Mfalme mtupu akikosa pa kwenda bila kushambuliwa, mchezo unaishia sare. Mwenye askari analazimika kumsogeza, na hapo ndipo farasi wanapomaliza kazi.

Nikafuata hatua moja moja. Nyingine sizielewi hata sasa: farasi anakwenda mbali na mfalme yule yule anayetaka kumfunga! Ushindi ulikuwepo, Shangazi. Pale pale, kati ya kuku na kahawa. Hatukuuona, nao ukawepo vilevile. Nikaitafuta namba yako… ningempigia nani?

Pumzika. Watoto wako nitawafundisha mwenyewe, nikianza na farasi wawili.

Nakala ya barua hii naibandika mlangoni mwa ofisi ya shule. Mutalemwa, nanyi wajumbe mliopiga makofi: Ijumaa, kabla ya kupitisha lolote, kila mmoja wenu acheze na mtoto mmoja aliyefundishwa na Shangazi Koku. Kama mchezo umekwisha kweli, hamtakosa jibu kwa kila hatua ya mtoto. Atakayefungwa abebe gunia lake la mahindi, atoke nalo.